Kopo, Maji na Kitabu cha Fizikia

Juzi dukani mjini Kigoma nilisimama nyuma ya walimu wawili kutoka Kidahwe, waliokuja kuchagua kitabu cha fizikia cha kidato cha kwanza. Kijana alishika kipya, chenye picha za rangi. Mwenzake, mama mwenye mvi, alishika cha zamani, akavifungua vyote viwili kwenye sura ya kuelea na kuzama.

"Mama, hiki kipya kimetulia."

"Kimetulia, lakini jaribio lake linataka mizani ya maabara. Hiki kingine kinataka kopo na maji. Maabara hatuna, mwanangu. Maji tunayo."

Kijana alisoma kurasa zile mara mbili, akarudisha kipya kwenye rafu.

Nikaikumbuka shule yetu ya Ujiji. Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu, hakina jalada. Alitupeleka ziwani, tukaingia hadi magotini. Kopo tupu la maziwa likaelea. Akalikanyaga likawa bapa, akalitupa majini, likazama.

"Bati ni lile lile. Kwa nini?"

Alituacha tubishane mpaka adhuhuri.

Fizikia niliyokariri baadaye imenitoka yote. Lakini meli ya chuma ikiingia bandarini, bado natafuta mtu wa kubishana naye.