Dhambi ya Kutosalimia

"Mama yako anatuzarau juu ya nini?"

Jirani aliniuliza hivyo bombani, ndoo yake ikiwa bado haijajaa. Nilikuwa nimerudi nyumbani, mtaa wa Panda, kwa likizo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sosholojia Lubumbashi, mwenye neno juu ya kila kitu. Juu ya hilo sikuwa nalo.

"Anakuzarau namna gani, mama?"

"Minye namulamukia, 'Jambo, mama,' anapita tu sawa vile niko muti. Batu bote ba avenue banasema vile."

Mtaani kwetu unaweza kumnyima mtu chumvi na akakusahau. Ukimnyima salamu, anaweka moyoni. Nikatafuta maelezo, nikayapata haraka mno. Familia ya mama ina asili ya Kasai, mkoa mwingine, na hapa, kila uchaguzi unapokaribia, watu hukumbuka nani alitoka wapi. Nikaamua kwamba ni chuki za zamani tu. Nilimwambia mama asiwajali. Nilitumia maneno makubwa ya darasani, naye akanisikiliza kwa heshima, kama anavyowasikiliza wote waliosoma.

Kanisani walikuwa na maelezo yao. Jumamosi moja kundi la wamama lilimwita, nikamsindikiza. Walikaa duara, yeye katikati.

"Kama nilibapita bila kubalamukia, munisamehe," alisema. "Minye sikujua."

Mke wa mchungaji alitikisa kichwa. "Kiburi haijulikanake, mama. Ndiyo kazi yake."

Wengine wakaitika. Mama akapiga magoti, akatubu kiburi, wakamwekea mikono na kuimba. Nilikaa nyuma nikiwacheka moyoni kwa ujinga wao. Ujinga wangu niliuona kuwa elimu.

Wazo la macho halikumjia mtu, kwa sababu macho tulikuwa tumekwisha kuyapima. Mwezi mmoja kabla, sokoni, nilimnunulia luneti, miwani ya kusomea. Muuzaji huzitandika kwenye turubai chini, na pembeni ana ukurasa uliochanika wa Agano Jipya. Unajaribu moja baada ya nyingine mpaka herufi zitulie. Kwa luneti ya nne mama alisoma ukurasa wote bila kukwama.

"Mama iko na macho ya kijana!" muuzaji alipiga makofi. "Anashinda hata huyu binti yake!"

Tulicheka sote. Kwetu ndivyo inavyokuwa: ukiweza kusoma, una macho mazima, basi.

Wiki chache baada ya toba ile, mama aligongwa na pikipiki iliyotokea kushoto kwake, mchana kweupe. Mkono ulivunjika. Dereva aliapa kwamba alipiga honi. Mama naye aliapa: "Ile pikipiki haikukuwa pale." Muuguzi aliyemfunga plasta ndiye wa kwanza kushangaa. Alipunga vidole karibu na sikio la mama, mama hakugeuka. Akatutuma Lubumbashi kwa daktari wa macho.

Mama alisoma herufi za ukutani karibu mpaka mstari wa mwisho. Nikajiona mshindi. Kisha daktari akampima presha ya macho, akamkalisha mbele ya mashine, atazame katikati na abonyeze kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Nukta ziliwaka pembeni, moja baada ya nyingine. Kidole cha mama hakikutikisika.

Ilikuwa glakoma, ugonjwa unaoua neva za macho. Ilikuwa imeanza kingoni mwa uoni, bila maumivu, ikala kwa miaka, ikamwachia katikati tu, pale pale anapotazamia ukurasa. Matone ya dawa yangelinda kilichobaki. Kilichokufa hakirudi.

"Sasa, dokta," mama aliuliza, "bale batu, sikukuwa nabaona?"

"Hapana, mama. Haukukuwa unabaona."

Mama akanigeukia. "Na niliomba musamaha."

Hakuna hata mmoja katika wale waliomsamehe aliyekuja kuomba msamaha kwake. Jirani wa bombani alisema tu, "Angesema kama haone." Angesemaje? Nani hujua kwamba kuna kitu hakioni?

Siku hizi mama akitembea husema "Jambo" kulia na "Jambo" kushoto, hatua kwa hatua, asije akamkosea mtu. Mara nyingi hakuna mtu. Watoto wa mtaani humwigiza.

Kaka yangu mkubwa anaendesha lori la madini kwenda Kolwezi. Nikimwambia akapime macho, ananisomea kibao cha duka la mbali na kucheka. Siwezi kumlaumu sana. Mimi, mpenda maswali, nilikaa miaka sita baada ya ajali ya mama ndipo nikaenda kupimwa, na hapo ndipo nilipojua kwamba glakoma hupita katika familia, na kwamba sisi watoto wote watano wa mama tulipaswa kupimwa tangu siku alipogunduliwa, na kurudi mara kwa mara maisha yote, hata tukiona vizuri.