Mwita wateja wa Nyakasanza alivyomtafuta mtu wa kumwamsha

Saa mbili asubuhi, Scholastique amekwisha kuvuka geti la hospitali mjini Bunia. Amevaa kanzu ya kijani ya chumba cha upasuaji, ile iliyo wazi mgongoni, na juu yake amejifunga kitenge. Kikapu kiko kichwani. Nyuma yake anakimbia shemeji yake, Mumbere, seremala wa upande wa Shari, amekumbatia thermos ya chai na godoro la kulalia mtu anayemlinda mgonjwa.

"Shemeki, weye unaenda wapi na nguo ya opital?"

"Kwetu."

"Docta iko nakungoja na visu vyake."

"Akate mukate."

Askari wa geti anaucheka mgongo wa kanzu. Mumbere hacheki. Anajua kwa nini mama huyu anaondoka.

Scholastique anafanya kazi ya kuita wateja katika soko la Nyakasanza. Wanawake wanaouza nguo za balo, zile kuukuu zinazokuja zimefungwa kwa mabunda, wanamlipa ili awaitie watu. Siku njema anapata faranga elfu kumi, siku mbaya anapata nauli na nyanya. Wengine sokoni wana vipaza sauti vya betri. Yeye ana koo lake tu, na mwito ambao hata watoto wa shule wanaujua: "Kuya uchague, mama! Mupya iko nazeeka!"

Koo hilo ndilo lililoharibika. Uvimbe wa shingo, ambao Bunia wanauita goitre, ulianza kama yai la kuku. Akaufunika kwa kitambaa, ukakua chini ya kitambaa. Mwishowe hakuweza kulala chali bila kukosa pumzi, na mwito ukawa unakatika katikati. "Ninasema 'mupya', na 'iko nazeeka' inabaki ndani," anasema. "Wateja wanangoja mwisho, mwisho haikuje."

Daktari Alphonse, mpasuaji, alimwambia wazi kwamba uvimbe ukiachwa utamziba pumzi. Basi akakubali kukatwa. Kisu hakikumwogopesha. Aliogopa usingizi.

Asubuhi hiyo, kijana mwenye bomba la sindano alipokaribia kitanda, Scholastique alimuuliza, "Weye njo mwenye kunilalisha?"

"Njo mie, mama."

"Wangapi ulilalisha na hawakuamka?"

Kijana akacheka kwa upole. "Mama, kwetu wote wanaamka."

Scholastique akashuka kitandani, akachukua kikapu.

Neno "wote" alikuwa amelisikia zamani. Mdogo wake, Abigaël, alikuwa mke wa Mumbere. Miaka ile familia inakimbia vita kutoka upande wa Djugu, Abigaël alipasuliwa ili azae, katika kituo kidogo njiani. Aliyemlalisha alikuwa amejifunza kazi kwa kutazama wengine. Na yeye aliwaambia wote wanaamka. Mtoto alitoka hai, akaitwa Sandrine. Mama yake hakuamka. Scholastique ndiye aliyemlea Sandrine, na Sandrine anamwita mama.

"Kama mie ningelala moja kwa moja," anasema, "ule mutoto angekuwa yatima mara mbili."

Mumbere hakumgombeza. Alimwacha avuke barabara, akarudi ndani peke yake kuuliza la kufanya. Muuguzi mmoja, aliyekuwa na haraka, akamjibu kwa Kifaransa: kama mama hawaamini, atafutiwe anesthésiste-réanimateur. Maana yake mtaalamu wa kumlalisha mgonjwa na kumrudisha. Mumbere alishika mkia wa neno tu. Alisikia "animateur".

Na animateur Bunia si wa kutafuta. Tangu bunduki zipunguze kelele, mji umejaa watu hao, wanaolipwa na mashirika kuzunguka mitaani wakifundisha kunawa mikono na kuishi na jirani bila kuuana. Kesho yake Mumbere alimleta mmoja nyumbani kwa Scholastique. Anaitwa David, ana kizibao cha shirika na picha za vyoo kwenye karatasi ngumu.

David aliongea. Akaonyesha choo kibaya, akaonyesha choo kizuri. Akaeleza inzi anavyotembea. Scholastique alingoja kwa adabu, akidhani ndivyo wanavyoanza. Mwishowe akauliza, "Na sindano?"

"Sindano gani, mama?"

"Ya kunilalisha."

David akamtazama Mumbere, ambaye alikuwa amesinzia, kichwa kimeangukia kifuani.

"Shemeki," Scholastique akasema, "umenipatia mutu wa kweli. Huyu analalisha bila dawa."

Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza nani amezaa. David mwenyewe alicheka kuliko wote, na jambo lilipoeleweka hakuondoka. Aliinua kizibao, akaonyesha kovu chini ya tumbo. "Mie nilipasuliwa ngiri. Aliyenilalisha anaitwa Constant. Anafanya kazi upande wa Kilo, anashuka Bunia kama njia ni nzuri. Nilipoamka, kitu cha kwanza nilisikia ni yeye kuniita jina."

Hivyo ndivyo mtu asiyetafutwa alivyompata anayetafutwa.

David alimpigia simu, na Constant alishuka juma lililofuata, juu ya lori la mihogo. Hakumwita Scholastique hospitalini, alimfuata sokoni. Akaketi juu ya balo, akaulizwa swali lile lile mbele ya wanawake wote: wangapi hawakuamka?

Constant akasema, "Wawili."

Akaeleza. Mmoja alikuwa mzee aliyefika damu imemwishia. Wa pili alikuwa msichana. "Ule musichana, pumzi yake ilibadilika na mie nilichelewa kuona. Sasa sitoke kwa kichwa ya mugonjwa, hata kama nyumba inaungua. Na mie si docta, mama. Nilisomea kulalisha watu, Kisangani. Wakiniita docta mbele yako, ukatae."

Scholastique anasema moyo wake ulikaa chini pale pale. "Mutu anayejua aliopoteza, na mie atanihesabu."

Kisha Constant akamwambia alale juu ya balo. Akamfungua mdomo, akaangalia kwa tochi ya simu, akainua kidevu, akapapasa koo akitafuta uvimbe umesukuma njia ya pumzi upande gani. Akauliza analala ubavu upi, meno gani yanacheza, kama aliwahi kupewa dawa ikamvimbisha. Kazi ilisimama. Mwenye balo akalalamika, "Muganga, ile matandiko ni ya kuuza."

"Nitanunua moja," Constant akasema, na kweli alinunua shuka.

Lilibaki jambo la malipo, nalo lilikuwa gumu kuliko maneno. Wanawake wa soko wana mutuelle, chama cha kuchangiana matibabu. Inaongozwa na Jeannine, muuza dagaa mwenye macho makali. Mutuelle ilikuwa na mapatano na hospitali ile aliyoikimbia Scholastique, na ililipa wafanyakazi wa pale tu.

"Constant si wa pale," Jeannine alisema. "Siye tukimulipa mutu wa inje, kesho kila mutu ataleta wake. Na pia, amesema vizuri, lakini hata mwizi anasema vizuri. Mie nataka kuona brevet yake."

Constant hakukasirika. Alileta cheti chake chenyewe, si nakala. Jeannine alikipeleka katika ofisi ya afya ya jimbo, akangoja kwenye benchi mpaka mtu akathibitisha kwamba namba ni ya kweli na jina ni lake. Halafu akaomba na picha. "Namba haina uso," alimwambia karani.

Kutoka hapo alikwenda kwa daktari Alphonse. Alitegemea ugomvi, akapewa kiti. "Ule mama iko na haki," daktari alisema. "Mie ninakata. Kumurudisha si kazi yangu." Akakubali Constant aje kulalisha mgonjwa katika hospitali ile ile, kwa bei ile ile ya hospitali, ili mapatano yasivunjike. Constant akaikubali bei.

Jumamosi, mutuelle ilikutana. Mwanamke mmoja alirusha neno: "Scholastique anataka mulalishaji wa ba ministre, wa wakubwa."

Mzee wa kikundi, muuza sufuria, akamjibu, "Miaka yote alikuitia wateja na koo yake. Leo koo inaomba mara moja, weye unaona ni nyingi?"

Mikono ikapanda. Na ule wa aliyerusha neno ukapanda, ingawa wa mwisho.

Siku ilipangwa, ikaahirishwa, kwa sababu kulikuwa na risasi mbele ya Kilo na magari yalizuiwa. Ikapangwa tena. Safari hii Constant alifika akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akaoga hospitalini. Scholastique alirudi na kanzu ile ile ya kijani, kwa sababu alikuwa ameondoka nayo.

Kabla ya sindano, Constant aliinama. "Nitakuita, mama. Ukinisikia, unijibu kitu unachokijua sana."

Mumbere alikaa kwenye korido na thermos katikati ya miguu. Hakunywa. Mara ya mwisho alipongoja mlangoni namna ile, mtu alitoka akimtafutia maneno. Jua lilivuka dirisha moja, likaingia la pili.

Mlango ukafunguka. Constant alikuwa na jasho, kitambaa cha mdomo kimeshuka kidevuni.

"Ameamka," akasema. "Iko nauza nguo."

Ndani, Scholastique alikuwa ameitwa jina, akafumbua jicho moja. Sauti haikuwapo, upepo tu, lakini midomo ilisema mwito wote mpaka mwisho: mupya iko nazeeka. Mumbere aliketi sakafuni, akalia, kisha akawamiminia chai watu wote wa korido, na wale asiowajua.

Constant anafanya kazi Kilo bado, na Bunia kila njia inapokuwa wazi. Kijana aliyesema wote wanaamka sasa anajifunza kwake siku akiwapo. Akiulizwa swali lile, anajibu kwa hesabu. Daktari Alphonse amehamishiwa mji mwingine. Kazi ya David kwa shirika imekwisha, anauza vocha za simu karibu na soko, na Scholastique anamwitia wateja bila malipo. Jeannine ameweka kanuni: mutuelle hailipi upasuaji kabla ya kujua nani atalalisha na cheti chake kimetazamwa na nani. Mumbere hajaoa tena. Sandrine yuko shuleni.

Sauti ya Scholastique imerudi, ya chini. Ile ya juu haikurudi. Anaita kwa zamu, nusu siku, na mwakani anataka kupeleka balo yake mwenyewe Kilo, njia ikikubali. "Kama haikubali, nitauzia hapa," anasema. "Mie tayari niliamka."

Kanzu ya kijani ameirudisha hospitali, imefuliwa na kupigwa pasi.