Kipande cha Nne cha Leso

Gereji yetu ilikuwa kiwanja cha vumbi kati ya mitaa ya Fedha na Kware, na fundi mkuu hakuwa na mchezo. Ukifungua injini, unachana kitambaa kimoja vipande vinne na kuziba mabomba manne ya hewa, mchanga usiingie. Kabla ya kufunga, unavitandaza chini viungane tena. Kitambaa kikitimia, hakuna kilichobaki ndani.

Siku hiyo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na pikapu ya mchonga vinyago mmoja. Mamake alikuwa ametolewa hospitalini, madaktari wameshanyoosha mikono, yuko kitandani Kware na ombi moja tu: alione boma lake Ukambani kabla jua halijazama. Mzee mwenyewe alikaa juu ya tairi kuukuu, akinisubiri.

Nikavichomoa vile vipande vya leso kwa pupa, bila kuangalia. Nikayaosha mabomba kwa petroli, nikayapuliza kwa pampu, ikatoka changarawe na bawa la mende. Nikatandaza leso. Ala! Kona moja haipo.

Nilichana vinne au vitatu? Au leso yenyewe ilikuja bila kona? Wallahi sikumbuki. Nikachungulia kwa kioo, nikaingiza waya, nikaingiza kidole mpaka kikachubuka. Hamna kitu. Nikafungua hata nilipokwisha kufunga.

"Fundi, kuna shida?"

"Hakuna, mzee. Karibu tu."

Uongo mtupu! Ningemwambiaje kwamba nimepoteza tambara ndani ya injini yake? Saa sita ikapita, saa nane, saa tisa. Kichwa kilikuwa kinanizunguka.

Mwishowe nikaropoka: "Mzee, kuna kitambaa sikioni."

Akainuka, akatoa mtungi wa maji ya rejeta, ya kupoza injini, nyuma ya pikapu. Mdomo wa mtungi ulikuwa umezibwa kwa kipande cha leso.

"Hiki? Kifuniko kilipotea, nikachomoa kimoja ulipoenda kuazima spana. Si ungeniuliza tu, mwanangu? Kuuliza si ujinga."

Nikafunga injini. Waliondoka, yeye na mamake, jua limeshalala. Walifika gizani, wakamwonyesha mama nyumba yake kwa taa za pikapu. Alfajiri akafariki.

Mzee alirudi kuniambia mwenyewe, bila hata chembe ya hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Hadi leo sijielewi. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, tangu asubuhi.