Mlango Umechoka

Nakumbuka siku moja huko Guangzhou, China, kicheko kilikaribia kutuharibia harusi. Mwanangu, wewe unayefuata mzigo huko kila msimu na kuturushia picha za vibao vya Kiingereza cha wenyeji, kaa kidogo unisikilize.

Tulikuwa watatu: Shangazi Mwanaidi, muuza kanga wa Kariakoo, kaka yangu Hamisi na mimi. Tulifuata kanga za sare za harusi ya Zuhura, binti wa Shangazi. Upande wa bwana harusi walishaanza kunong'ona kwamba binti ni ghali, naye Zuhura akachagua maneno ya kanga ya kuwajibu: "Mahari yangu ni heshima yako."

Kwenye duka la wachapaji kanga, mlango mmoja ulikuwa mbovu. Walikuwa wamebandika karatasi ya Kiingereza: "Mlango umechoka. Mpitie mwenzake." Ndani, penye maji: "Sakafu inatoka jasho, msiikimbize." Hamisi alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, kwa nini nikufiche? Dada muuzaji, ambaye vibao vile aliviandika yeye, akaanza kukunja vitambaa alivyotutandikia.

Shangazi, ambaye Kiingereza kilimpitia mbali, akataka kujua kulikoni. Tukamfasiria.

"Na nyie mmepita mlango gani?"

"Ule mwingine, Shangazi."

"Basi mmeelewa. Mnacheka nini? Hamisi, muombe dada wa watu radhi, tena sasa hivi."

Hamisi akaomba. Dada akapokea bila kutabasamu, na Hamisi akamwandikia maneno ya Zuhura. Kesho yake, kabla ya kuchapa mzigo wote, dada akatutundikia kipande cha mfano tukisome. Angekuwa bado na kinyongo, angechapa tu.

Tukasoma: "Mahali yangu ni heshima yako." Ndivyo Hamisi alivyoandika, herufi kwa herufi. Ni ile ra na la yetu ya mtaani, mdomoni haimkeri mtu. Lakini kwenye kanga! Wakwe wangetucheka kutoka Mchafukoge mpaka Kivukoni, na Zuhura angeingia kwa mumewe na jina la utani.

Dada akauliza kuna nini. Shangazi akamgusa Hamisi bega.

"Mwambie mlango wetu nao umechoka."

Alipofasiriwa, dada yule akacheka, na sisi tukacheka naye. Kisha akarekebisha herufi.

Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika. Sikukatazi utani, mwanangu, Bongo bila utani hakukaliki. Ila cheka na mtu, usimcheke. Na kabla hujapiga picha kibao cha mwenzio, soma kwanza kanga yako.

Mungu akufungulie milango ya heri. Na ukiukuta uliochoka, akujaalie mtu wa kukuonyesha mwenzake, kwa Kiingereza chochote alicho nacho.