Gari Lililokuwa Likinuka Oili

Mume wangu alipofariki, katikati ya miaka ya themanini, aliniachia nyumba ya Muyeye na gari kuukuu ambalo rangi yake hakuna aliyeikumbuka. Nilikaa eda bila kudondosha chozi. Wanawake waliokuja kunihani walinitazama usoni wakitafuta kitu, wakakikosa, wakaenda kunisema huko nje. Waseme. Nilikuwa nakula, nalala, naamka, na moyoni hamna kitu.

Nilipotoka eda, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akanijia na habari za mnunuzi wa vyuma chakavu. Gari lilikuwa limechafua ua mzima. Siku za mwisho mume wangu alikuwa akiongeza oili kila safari, nayo ikivuja huku na huku, hata kijiti cha kuipimia kikawa kinachomoka chenyewe. Kila mtu alimwambia injini imekwisha.

"Tuliondoe tu, shemeji," akasema.

Nikamwambia aliondoe. Kusema kweli angeniomba hata kitanda ningempa.

Akamleta fundi aangalie kama kuna kipuri cha kuokoa. Mimi nilikuwa barazani nachagua mchele. Fundi aliliwasha, akafungua kifuniko cha kutilia oili, na moshi ukamfumukia kwa kishindo pamoja na matone ya oili kifuani. Akazima, akaingia uvunguni. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu.

"Mama, injini hii haijafa. Imezibwa pumzi."

Akanieleza kwamba katika kila injini, hata mpya, moshi kidogo hupenya kando ya pistoni ukashuka tumboni, kwenye oili. Pale chini pana bomba la kuutoa nje pamoja na harufu yake. Bomba likizibwa, moshi hausubiri. Huisukuma oili itoke popote penye upenyo.

"Na hili mtu kaliziba kwa makusudi. Kafunga na waya."

Akanionyesha tambara lililolowa weusi. Nikalikunjua. Ilikuwa leso yangu ya zambarau, ile niliyoitoa ya kufutia gari.

Siku moja, mume wangu akiwa hai, tulikwenda arusini Mnarani. Kwenye foleni ya feri pale Kilifi gari lilisimama likinguruma, harufu ya oili ikapanda kutoka sakafuni mpaka udi wote niliojifukiza ukapotea. Nikamwambia mume wangu hili si gari, ni jiko la mafuta ya taa, na sipandi tena. Safari iliyofuata hapakuwa na harufu, wala mimi sikuuliza. Uvujaji ulianza baadaye kidogo.

Mjinga yule. Nilimkasirikia pale barazani, na ndiyo hasira ya kwanza kuisikia tangu tumzike.

Shemeji alikuwa anachekelea. "Kumbe zima! Basi hili si la vyuma tena, nitamtafuta mnunuzi wa maana."

"Haliuzwi," nikamwambia.

Fundi aliliwasha tena, bomba likiwa wazi. Kijiti kikatulia mahali pake. Nikaingia, nikakaa upande wangu, kushoto, si kwenye usukani. Haikupita muda harufu ikapanda kutoka sakafuni, ile ile ya Kilifi.

"Teremsha vioo, mama," fundi akasema. "Utaumwa na kichwa."

Nikavipandisha vyote hadi juu.