Wino wa Kijani wa Evodia

Evodia alikuwa mwalimu wa chuo mwenye shahada mbili, na bado kila asubuhi alipomkuta Mwalimu Kasimiri ofisini aliinama, akapiga makofi polepole kama mabinti wa Kifipa wanavyowasalimu wakubwa, akasema shikamoo. Kasimiri alimfundisha darasa la nne kule Ilemba. Sasa walifundisha takwimu pamoja katika chuo kidogo pale Izia, ambacho hakikutoa shahada kwa jina lake. Shahada zilikuwa za chuo kikuu cha mbali, nacho kilikuwa na sharti moja kisilolifanyia mzaha: kila mtihani usahihishwe na watu wawili, kila mmoja kwa akili yake. Kasimiri alitumia wino mwekundu, Evodia wa kijani.

Jumanne mkaguzi wa chuo kikuu hicho akafika. Aliitwa Dakta Isdori, mtu mpole, na wapole wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Alikataa chai. Alifunua vijitabu vya majibu kimoja baada ya kingine, wasahihishaji wakiwa wameketi mbele yake.

"Sitini na moja, sitini na moja," alisoma. "Hamsini na nne na nusu, hamsini na nne na nusu. Dada Evodia, hamtofautiani hata kwa nusu alama?"

"Tunaelewana," Kasimiri alimjibia, akitabasamu. "Huyu ni mwanangu, nimemfundisha mwenyewe."

Evodia alitazama meza. Alikuwa amesoma kila ukurasa, hilo ni kweli. Lakini kila alipofika kwenye alama, wino mwekundu ulikuwa umemtangulia, naye akaandika ile ile. Usimcheke. Jaribu wewe kuandika namba ya kumpinga aliyekufundisha kuhesabu.

Isdori akafika kwenye kijitabu cha Alphonce. Thelathini na nne, thelathini na nne. Kufaulu ni arobaini, na Alphonce alikuwa anarudia somo hilo. Akifeli tena, anaondolewa chuoni.

"Na huyu mlikubaliana?"

Evodia alikitazama kijitabu. Akisema ndiyo, mambo yamekwisha, na kijana amekwisha pia. Akisema hapana, anamvua nguo mzee wake mbele ya mgeni.

"Hapana," alisema. "Swali la tatu amelipata. Njia yake haimo kwenye mwongozo wetu, lakini ni sahihi. Mimi ningempa hamsini. Nilimfuata Mwalimu."

Tabasamu la Kasimiri likakauka. "Ulimfuata Mwalimu," alirudia. Alivuta kijitabu, akavaa miwani, akachukua karatasi tupu na kuanza kupiga hesabu mwenyewe kwa njia ya Alphonce. Alikosea, akafuta, akaanza upya. Isdori hakumharakisha. Evodia alitamani mzee amfokee, yaishe, kuliko kuusikiliza ule mkwaruzo wa kalamu.

Jibu likatoka lile lile la kijana.

"Hamsini," Kasimiri alisema. Hakuinua macho. "Mwaka jana pia ulikuwa unanifuata?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tuliwaondoa wawili. Wewe ungewaondoa wote?"

 Evodia aliona aibu, na safari hii aibu yenyewe ilikuwa yake, si ya mzee.

"Mmoja ningempitisha," alisema. "Klementina."

Kasimiri akavua miwani. Klementina sasa alikuwa anauza katika duka la watu pale Majengo. Jumapili iliyopita yeye na Kasimiri walikuwa wamekutana kanisani, kumejaa. Binti akanyanyuka, akampisha mzee kiti, naye akasimama misa nzima.

"Dakta," Kasimiri alisema, "andika na hilo."