Nilitia dagaa kwenye unga wa uji wa mkaza mwanangu asiyekula kitoweo

Wakuu, nawasalimu kutoka Kakuyuni, nje kidogo ya Malindi. Watakaoniamkia, marahaba.

Ninayoyaeleza hapa yalitokea nyumbani kwangu. Sitajipamba.

Ombi ambalo leo natamani ningelikataa lilitoka kwa mke wangu, tukiwa kwenye foleni ya kusagisha unga pale posho mill.

"Baba Kazungu," aliniambia kwa sauti ya chini, "tia na dagaa kidogo. Hatajua."

Nikatia.

Ngoja niwarudishe nyuma muelewe.

Mwanangu Kazungu alioa binti anayeitwa Neema. Kwao ni Wasabato wa wale wasiokula nyama wala samaki, na Neema hata mayai hagusi. Maziwa ni yale ya kwenye chai, basi. Kazungu alikuwa amepata kazi Kilifi na bado anatafuta nyumba, kwa hiyo mkewe alikaa nasi.

Walikuwa wanataka mtoto. Neema si mtu wa kubahatisha, akaenda kliniki kupimwa kabla hajashika mimba. Damu ikaonekana iko chini. Akapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye folic acid, akaambiwa anunue na vitamini B12, maana hiyo kwenye mboga za majani haipo.

Nilimsindikiza duka la dawa Malindi mjini. Wakuu, yule msichana alisoma kila chupa.

"Kaka, ganda la hizi kapsuli limetengenezwa na nini?"

Muuzaji akacheka. "Dada, wenzio huuliza bei, wewe waniuliza ganda?"

Akaangalia. Kumbe ganda ni gelatini, inatokana na ng'ombe. Neema akachukua B12 ya vidonge vya kawaida. Akaletewa mafuta ya samaki, akayarudisha. Akaambiwa yapo yanayotokana na mwani, lakini mpaka yaagizwe Mombasa. Akasema ataagiza akijaliwa.

Nilirudi nyumbani nikijivunia mkaza mwana mwenye akili.

Mke wangu hakutulia. Kwetu sima bila kitoweo ni chakula cha kupitisha siku, si chakula cha kubeba mimba.

"Huyo mtoto atajengwa na nini? Na mchicha?"

Nikamwambia, "Mbona mbuzi anakula majani na anazaa mapacha?"

"Basi ungemwoza Kazungu mbuzi."

Tulicheka sana. Na nadhani kicheko kile ndicho kilichonilegeza, maana kesho yake pale posho mill alipotoa kifuko cha dagaa waliokaushwa motoni, sikukataa. Wakasagwa pamoja na wimbi, mtama, njugu na simsim. Iliki na ndimu zikafunika harufu.

Neema alikunywa uji ule kila asubuhi na kunishukuru. Alirudi kupimwa, damu imepanda. Baadaye kidogo akashika mimba. Nyumba ilijaa furaha, na mimi na mama watoto tukawa tunakonyezana kama wezi waliofanikiwa.

Kumbe hatukujua tulichokifanya.

Vidonge vilimsumbua tumbo alipoanza kutapika asubuhi. Kwa kuwa aliamini uji ndio uliompa nguvu, akaanza kuviruka. Kazungu alipopata nyumba na kuja kumchukua, Neema aliniomba nimweleze ule unga unavyochanganywa, asage mwenyewe huko Kilifi.

Nikamtajia wimbi, mtama, njugu, simsim. Dagaa sikuwataja.

Walipokuwa wanatoka, niliona vile vidonge kwenye dirisha.

"Mwanangu, unasahau dawa."

"Sijasahau, baba. Zinanichafua tumbo. Uji wako wanitosha."

Pale pale ndipo nilipopaswa kusema. Nikamwangalia anapanda gari, nikapunga mkono.

Baada ya muda Kazungu akapiga simu. Mkewe anapata kizunguzungu, damu imeshuka vibaya, na mimba imeshakuwa kubwa.

Usingizi haukuja tena. Niliondoka alfajiri kwenda Kilifi, nikamkuta Neema anajiandaa kwenda kliniki. Nikaomba tufuatane.

Mama wa lishe pale kliniki alimuuliza anakula nini. Neema akajibu bila wasiwasi, "Nakunywa uji wa baba mkwe. Una kila kitu. Vidonge niliacha."

Nikasema, "Ule wa nyumbani ulikuwa na dagaa. Mimi ndiye niliyetia."

Neema hakupiga kelele. Alinitazama tu, akasema, "Baba, ungeniuliza ningekwambia hapana, tukacheka, yakaisha."

Nilijua angesema hapana. Ndiyo maana sikumuuliza.

Mama wa lishe hakunichapa kwa maneno, ila hakunipaka mafuta pia. Alisema hata wangekuwa dagaa wengi, uji hauwezi kuchukua nafasi ya vidonge. Akamwambia Neema kwamba asiyekula nyama anaweza kubeba mimba vizuri kabisa, mradi asibahatishe.

Nawaandikia niliyoyashika, huenda yakamfaa mtu. Folic acid ianze kabla ya mimba. B12 ni lazima kwa asiyekula kitoweo, si ya hiari. Vidonge vya damu vinywewe na maji ya ndimu au chungwa, na chai isubiri kwanza, maana inazuia madini yasiingie mwilini. Vikichafua tumbo, rudi kliniki ubadilishiwe, usiviache kimyakimya. Chumvi iwe ya pakiti yenye iodini, si ile ya mawe tunayopima kwa kopo. Na mafuta ya ini la samaki mjamzito asijinunulie ovyo, vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto.

Kila mtu na mwili wake lakini. Nendeni mkapimwe.

Neema alibadilishiwa vidonge, akavimeza. Yale mafuta ya mwani Kazungu aliyaagiza Mombasa. Damu ikapanda taratibu, na safari hii hakuna aliyemdanganya imepandaje.

Alijifungua salama. Mtoto wa kiume, ana sauti ya kuita punda. Kwa mila yetu wa kwanza huchukua jina la babu, nami sikuthubutu kulidai. Neema mwenyewe ndiye aliyesema, "Jina ni la baba." Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Somo langu ni fupi. Ukimpenda mtu, muulize. Akikataa, amekataa, hata kama una uhakika unamsaidia.

Wenye wake, dada au mabinti wasiokula kitoweo waliobeba mimba, nanyi semeni wenzenu walitumia nini na waliambiwa nini kliniki. Na wanaotaka kunigomba, uwanja ni wenu, nimeshakaa.

Wakija Kakuyuni siku hizi, Neema ananiamkia, ananipakatisha mjukuu, tunapiga soga mpaka jua linazama. Kisha anafungua mkoba, anatoa unga wake na sufuria yake, anajipikia. Nikimkaribisha uji anasema, "Asante baba, nimeshiba."

Tangu siku ile ya kliniki, hajala wala kunywa chochote kilichopikwa nyumbani kwangu.